Bugaluu ya Maulid na Presha Yangu

Jumatatu, 2 Juni
Presha 138/82.
Daftari hili kanipa nesi Rajvinder niandike presha kila siku. "Namba tu, mzee," kaniambia, kwa Kiswahili alichorithi kwa mama yake aliyezaliwa Nakuru. Sasa daftari lina kurasa mia mbili na namba zinakula upana wa kidole kimoja. Kurasa zinazobaki nani atazijaza? Mie nimesoma chuo cha Kurani, na baada ya hapo kalamu yangu ilikuwa chaki ya kupimia nguo. Lakini maneno ninayo, na wenye shule zao wengi hawana.

Kwa atakayelisoma nikishakufa: mimi Mselem, fundi cherehani. Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, nimefanyia ujana Dar, na nazeekea Birmingham, hapa Ladywood ghorofa ya kumi na moja, pamoja na binti yangu Mize na mjukuu wangu Asmahan. Mwaka sabini na moja Dar es Salaam nzima ilivaa nilichotaka mimi. Hilo si jigambo. Jigambo ni nikisema Nairobi pia.
Na Nairobi pia.

Jumatano, 4 Juni
Asubuhi 140/84.
Asmahan kamaliza chuo cha mitindo, na mwisho wa Agosti vijana wenzake wanafanya onyesho la nguo za summer kule Digbeth. Kanijia na simu yake.
"Babu, unajua bohemian ni nini?"
"Dawa ya mafua?"
"Babu! Ni wasanii wa zamani wa Ulaya. Wachoraji, wapiga gitaa. Hawana pesa, wanaishi wengi nyumba moja, wanavaa skafu na kofia na mashati mapana, ovyo ovyo hivi, lakini wamependeza. Collection yangu nataka itoke huko."
"Hawana pesa, nyumba moja, skafu shingoni na jua linawaka," nikamwambia. "Mjukuu wangu, hao wa Ulaya waache walale. Hao ni sisi wa Mtaa wa Sikukuu."
Nikamtolea hadithi. Nyumba ya Kariakoo, vyumba vitatu. Wachoraji watano, wapiga gitaa wawili, mmoja akisema yeye mshairi ila shairi lake hatujalisikia mpaka leo, na mimi na cherehani yangu kibarazani. Mashati ya kitambaa cha marekani nayachovya kwenye chai mpaka yanakuwa rangi ya machweo. Vizibao ndani nimevitia kanga, mtu akikifungua kwa joto unaona maua. Chini katambuga za matairi, kichwani kofia ya ukili. Tukipita mtaani, wasichana wanamwaga maji waliyotoka kuteka.
Asmahan anarikodi, macho yamemtoka. "Babu, this is it! Forget Paris!" Kisha akasema anataka wa mwisho kupita jukwaani awe mzee wa kweli, aliyekuwepo, kavaa nguo za wakati ule. Akanitazama. Nikanyoosha mgongo. Goti likalia, lakini nikanyoosha.
Jioni 130/79. Haijawahi.

Ijumaa, 6 Juni. Idi
Sijapima, nilikuwa na wageni.
Baada ya sala Mize kapika pilau na kuku wa kupaka, watu wakaja, na lifti imekufa tena. Nani akatokea mlangoni? Maulid. Kutoka Shard End mabasi mawili, ngazi ghorofa kumi na moja, sanduku la bati begani, ana miaka sabini na saba na hahemi. Mtu wa heshima angehema.
Maulid alikuwa mchoraji pale Mtaa wa Sikukuu. Mrefu, nywele kama mwavuli, mtu wa kuvaa gunia likawa suti. Akaenda zake Mombasa mwaka ule ule wa sabini na moja, sikumwona tena mpaka harusi moja hapa Birmingham, mwaka tisini na nane, akanikumbatia mbele za watu. Toka hapo kila Idi anakula kwangu.
"Mselem! Bado hujafa?"
"Nakusubiri wewe. Sanda yako nataka niikate mwenyewe."
"Ipime vizuri basi," akasema. "Isinibane."
Watu wakacheka. Mie nikaenda kutazama pilau.
Kumbe Mize keshamwambia habari ya onyesho. Akala, akanawa, akafungua sanduku mbele ya Asmahan. Skafu. Kofia. Kizibao changu cha kanga, bado kina vifungo vyote, maana vifungo vyangu havikatiki. Picha kama thelathini, na kila picha yeye kasimama katikati kama mnara. Nikajitafuta. Katika moja, pembeni kabisa, kuna kiwiko.
"Hicho kiwiko changu," nikamwambia Asmahan.
"Aww, Babu."
Hiyo "aww" huku wanaambiwa paka waliokatika mkia.
Chini kabisa ya sanduku, imefungwa kwenye gazeti, bugaluu ya kodrai ya kahawia, suruali ya kubana mapaja na kupanuka chini. Ile. Mguu wa kushoto umechanwa kwa wembe toka pajani mpaka pindoni. Asmahan kajishika mdomo. Maulid akamsimulia, anacheka: enzi hizo vijana wa doria walikuwa wanapita na chupa ya soda. Ukivaa suruali wanayoiona ya kihuni wanakudondoshea chupa kiunoni. Ikitokea chini, nenda zako. Ikikwama, wembe, na nusu kichwa unanyolewa pale pale.
"Mimi nilikwenda mwenyewe nipimwe," akasema. "Maana suruali ya babu yako haikuwa inakwama."
"So kwa nini ilikwama?"
"Ah. Muulize fundi."
"Alinenepa," nikasema.
Mpaka watu wanaondoka, Asmahan keshampigia magoti. "Babu Maulid, utanipitia jukwaani? Plizi?" Mjukuu wangu. Ndani ya nyumba yangu. Pilau yangu bado imo tumboni mwa Maulid.

Jumamosi, 7 Juni
161/92. Pilau ya jana ilikuwa na chumvi.

Jumapili, 8 Juni
159/91. Chumvi, wallahi.

Alhamisi, 12 Juni
157/90. Maulid kaja tena, eti anampa Asmahan mawazo. Kakaa kiti changu cha dirishani. Mize kamtilia chai kwenye kikombe changu cha jogoo. Mwanangu wa kumzaa.
"Samahani, Baba, sikuangalia."
Nikanywa kwenye glasi. Nikaungua.

Ijumaa, 20 Juni
163/93. Joto digrii thelathini na mbili, ghorofa hii imekuwa tanuri, na mifuko ya taka huko chini inanuka mpaka huku juu. Nimekwenda na Asmahan Rag Market kutafuta vitambaa. Nilivaa: skafu ya Mize, kofia ya ukili, shati nimefungua vifungo vitatu. Nikasema leo ataona bohemian.
Surinder muuza vitambaa, mtoto wa Kisumu, kaniona toka mbali. "Ai! Mzee Mselem! Leo unaenda beach ama umefukuzwa kwa nyumba?"
"Huu mtindo, Surinder."
"Mtindo iko sawa. Funga kifua tu, utapata baridi."
Lakini kitambaa ni kitambaa. Asmahan alikuwa anatazama rangi, mie nikafumba macho nikapitisha dole gumba juu ya majora mpaka nikalikuta. Kodrai nyembamba, laini, mistari imekaa kama mvua. Kahawia ile ile.
"Babu, how did you do that?"
Nikajisikia kijana. Nikajisikia mrefu. Tuko kwenye basi, kaliweka mapajani, analipapasa, anatabasamu.
"Maulid atapendeza sana," akasema.
Basi lilikuwa halina hewa.

Ijumaa, 27 Juni
168/96. Asmahan kasema suruali mpya ataikata kwa kuifuata ile ya zamani. Wiki ijayo anaifumua mshono kwa mshono apate patani ya kukatia.

Jumamosi, 28 Juni
171/97.
Leo naandika kitu ambacho sijakisema miaka hamsini na nne. Mize na Asmahan wote mwandiko wangu unawashinda, kwa hiyo hapa kiko salama kuliko benki.
Kibarazani pangu palikuwa na chupa. Nilisema hawa doria wana chupa, na mie niwe na yangu. Kila suruali kabla sijaitoa, namvalisha mwenyewe palepale, nadondosha chupa kiunoni, mpaka ilie sakafuni: ngo! Bugaluu zangu ukiziona utadhani mtu kapakwa rangi, lakini chupa inapita. Hiyo ni hesabu ya mkono, chuo cha Asmahan hawaifundishi. Vijana wakawa wanaipita doria wanacheka. "Pimeni! Hii ya Mselem!"
Sasa Safiya alikuwa anakuja kuchorwa na Maulid. Safiya, bibi yake Asmahan, marehemu mke wangu, ila wakati huo si mke wa mtu. Mie ndiye nilikuwa namchekesha. Akiingia namchekesha, akitoka namchekesha. Anacheka mpaka anashika nguzo. Kisha anaingia ndani, anakaa kwenye kigoda saa mbili hatikisiki, Maulid anachora, kimya, na mie nje natia uzi kwenye sindano na uzi hauingii. Maulid hakuwa hata anajua kuchekesha. Alikuwa anamtazama tu.
Siku moja akaniletea bugaluu ile nimpandishe pindo. Ilikuwa imeshapimwa, chupa ilishapita. Nikapandisha pindo. Kisha nikapunguza mapaja, inchi moja, mpaka magotini, miguu yote miwili. Nikapiga pasi vizuri. Akavaa, akaona inabana, akafurahi, akadhani kanenepa kwa maisha mazuri.
Kesho yake doria wakaja sokoni. Hawakumkamata, alikwenda mwenyewe. Safiya yupo, kashika kikapu. Maulid kafungua mikono namna hii: "Pimeni! Hii ya Mselem!"
Mie sikuwepo. Nilikuwa kibarazani. Nilisikia vicheko tu.
Wiki ile akaenda Mombasa, kavaa kofia mpaka masikioni. Mwaka uliofuata nikamuoa Safiya. Tumekaa miaka arobaini na moja, tumecheka sana. Lakini kitambaa chake hakuwahi kunipa nimshonee. Mke wa fundi. Kule Dar alikuwa anapeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, na huku akawa ananunua za dukani. Nikimuuliza, anasema, "We pumzika."

Jumanne, 1 Julai
169/96. Digrii thelathini na tatu. Mikasi inalia chumbani kwa Asmahan.

Alhamisi, 3 Julai
Kaja na mguu wa suruali umefumuliwa, kautandaza mezani juu ya gazeti langu.
"Babu, tazama. Matundu ya sindano mistari miwili. Hapa, na hapa. Imeshonwa mara mbili."
"Alinenepa."
"Kama alinenepa ungeachia. Hii imepunguzwa."
"Basi alikonda."
"Idi ulisema alinenepa."
"Alinenepa akakonda. Wasanii ndivyo walivyo, leo wanakula kesho hawali. Si umesema mwenyewe bohemiani hawana pesa?"
Akacheka. Akachukua futi, akapima toka mstari mpaka mstari, akaandika kwenye simu. Anapima kama mimi, futi mdomoni, kichwa upande. Sikumfundisha mtu kupima hivyo.
174/98.

Jumatano, 9 Julai
Nesi Rajvinder kafunua daftari.
"Mzee, hizi hadithi zote ni nini? Nilisema namba."
"Namba zimo. Zitafute."
Akazitafuta. Kaongeza kidonge kimoja. "Kuna kitu kinakusumbua nyumbani?"
"Joto."
"Joto liko kwa kila mtu, mzee."

Jumanne, 15 Julai
162/93. Mvua. Maulid hakuja. Siku nzuri.

Jumanne, 22 Julai
166/95. Asmahan kashona bugaluu mara tatu na mara tatu imekataa. Ikibana kiuno, paja linafanya mfuko. Ikikaa paja, mguu unapinda. Kakaa sakafuni analia kwa hasira, pini mdomoni. Mize anamwambia atoe pini kwanza ndipo alie. Maulid yupo, anakunywa chai, kikombe cha jogoo.
"Mpe babu yako," Maulid akasema. "Mimi suruali yangu asishone mwingine. Anaijua."
Akanitazama. Mie nikatazama jogoo.
"Babu, macho yako yanaona kweli?"
"Macho ya nini? Mie bugaluu nashona nimelala."

Jumamosi, 2 Agosti
Nimempima Maulid. Kiuno thelathini na mbili. Thelathini na mbili! Mie mara ya mwisho nilikuwa thelathini na mbili nilikuwa sijabalehe. Mapaja yamesimama kama ya askari. Nikamuuliza anakula nini Shard End.
"Natembea. Na sina wivu na mtu, Mselem. Wivu unakaa kiunoni."
Niliandika vipimo vyake kwa chaki kwenye kiganja, jasho likavifuta, ikabidi nimpime tena.

Ijumaa, 8 Agosti
Sikupima. Mashine ingepasuka.
Bugaluu niliimaliza jana, na ilikuwa nzuri, nasema mwenyewe maana mwingine wa kusema hayupo. Leo Mize kazini, Asmahan katoka, mchana kweupe, mie na suruali peke yetu. Nikaitazama imening'inia mlangoni. Nikamwona Maulid ndani yake, watu wanampigia makofi, Asmahan kamshika mkono. Mkono wangu ukaenda kwenye pini wenyewe. Nikapunguza mapaja, nikapiga bandi tu, mshono wa muda, uzi mweupe. Inchi moja. Nilijiambia natazama itakuwaje.
Kisha nikaivaa.
Sijui kwa nini. Nikatia skafu, kofia, nikasimama mbele ya kioo cha Mize. Miguu ya suruali inaburuta sakafuni kama nimesimama ndani ya shimo, kiuno kimefika nusu ya njia kikagoma. Nikachukua chupa ya soda jikoni nikaidondosha. Ikashuka kidogo, ikasimama pajani. Nikaisukuma, ikakaza. Haishuki wala hairudi. Na mlango ukafunguka.
Asmahan alicheka mpaka akakaa chini. "Babu! Oh my days, Babu!" Akanipiga picha mbili. Akaja kuivuta chupa, bado anacheka, akaona uzi mweupe. Akagusa. Akachukua futi shingoni mwake akapima pale pale, suruali nimeivaa.
Akaacha kucheka.
"Ni inchi ile ile," akasema.
Uongo ninao mwingi, naweza kuuza na kubakiza. Lakini mtu aliyekwama chupa pajani uongo wake haufiki mbali. Nikamwambia. Chupa, pindo, Safiya, vicheko. Yote, nimesimama vile vile.
Akavuta bandi, uzi ukatoka wote mara moja, chupa ikaanguka kwenye zulia.
"Na sasa ulikuwa unamfanyia tena. Kwenye show yangu."
"Ningeifumua."
"Ungeifumua?"
Sikujua. Nikasema sijui. Hilo ndilo lililomuumiza, naona, kuliko uongo wote.
"Usiniambie mimi, Babu. Mwambie yeye."

Jumamosi, 9 Agosti
Hasemi na mimi.

Jumapili, 10 Agosti
Hasemi. Nimesimulia kichekesho cha padri na mbuzi. Mize kacheka peke yake.

Jumanne, 12 Agosti
164/94. Asmahan kapita nyuma ya kiti changu na kikombe, kakiweka. Cha jogoo.
"Bibi alijua?"
Nikamwambia habari ya vitambaa. Miaka arobaini na moja. Mie mwenyewe nilikuwa sijawahi kuisema kwa sauti, na nilipoisikia, ndipo nikaielewa.
"She knew," akasema.
"Alicheka na mimi kila siku."
"Ndiyo. She could do both."
Kisha akaenda zake, lakini mlango hakuubamiza.

Jumamosi, 16 Agosti
Maulid kaja kujaribu suruali. Nilikuwa nimejipanga toka alfajiri. Nimeandaa maneno, mengine ya Kiarabu kabisa, mazito. Kavaa, kageuka mbele ya kioo, Asmahan kasimama mlangoni kakunja mikono, ananisubiri.
"Maulid," nikasema, "kuna kitu toka Mtaa wa Sikukuu."
"Ngoja kwanza." Akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa dukani wa Aldi akatoa chupa ya soda, ya kioo, ile yenye kiuno chembamba. "Hii nimeitafuta duka la Wakongo. Pima."
Nikaidondosha. Ikapita kiuno, ikapita paja, ikapita goti, ikatokea mguuni ikabingirika mpaka chini ya kochi. Nilikuwa nimempa nafasi hata birika lingepita.
"Sasa ndiyo umeshona," akasema.
"Ulijua."
"Nilijua pale pale sokoni. Wembe ulipopita, mshono ukafunguka, nikaona uzi. Suruali ulinishonea kwa uzi wa kahawia. Pale pajani palikuwa na uzi mweusi. Wa kahawia ulikuwa umekwisha wiki nzima, Mselem, ulikuwa unalalamika kila siku."
Miaka hamsini na nne. Kisa uzi.
"Na hukusema. Unakuja kula pilau yangu kila Idi na husemi."
"Niseme nini? Nilikasirika miaka mitatu. Kisha Mombasa nikaoa mwanamke mzuri kuliko, samahani, Mungu amrehemu Safiya. Nikachora, nikauza, nikaja Ulaya. Nilipokuona pale harusini umekonda, nikaona huyu kajishonea yake mwenyewe, na imembana." Akanipiga begani. "Nimekusamehe zamani, bwana. Hata sikumbuki mwaka."
Asmahan anafuta machozi. Anamtazama Maulid kama mtakatifu.
Mtu huyu hawezekani! Nywele kanizidi, kiuno kanizidi, ngazi kanizidi, na hata kusamehe, kafanya mapema, bila kuambiwa, na kanizidi.
155/89.

Jumatatu, 18 Agosti
Asmahan kaniletea kadi nyeupe. Ile suruali iliyochanwa ataitundika ukutani pale Digbeth, na kila nguo ina kadi ya maelezo.
"Sema, Babu, niandike. Imeshonwa na nani, imechanwa kwa nini."
"Andika: doria."
Kalamu haikuandika.
"Andika: wivu wa fundi," nikasema. Akaandika kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, nikamwambia yote, mpaka uzi mweusi. Kadi haikutosha. Akachukua ya pili.

Jumamosi, 30 Agosti
Mvua toka asubuhi. Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa karakana, treni ikipita juu mabati yanaongea. Watu wamejaa, vijana wenye pete mpaka puani. Walipotoka waliovaa nguo za Asmahan nilisahau kupumua: mashati ya marekani rangi ya chai, vizibao wanafunua na kanga inachungulia, kofia za ukili, skafu. Nilimwona mshairi wetu. Nilimwona mpiga gitaa wetu, ila huyu alikuwa msichana na ana nywele za bluu.
Mwisho, Maulid. Bugaluu imemkaa, sitaki kuisifia, imemkaa kama aliyezaliwa nayo. Kafika katikati, kasimama, kafungua mikono. Katoa chupa kwenye kizibao, kaivuta suruali kiunoni, kadondosha.
"Pimeni!" akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya Wazungu wote hao. "Hii ya Mselem!"
Ngo!
Haikuvunjika. Ilibingirika kwenye saruji mpaka mguuni kwangu, nikainama nikaiokota, na goti likalia lakini makofi yalilifunika.

Sasa sikilizeni. Nimetoka nje ya viti nimekasirika kidogo kwa yale makofi, nakuta ukutani foleni. Foleni! Wanasoma kadi, wanagusa matundu ya sindano, mistari miwili, wananong'ona. Msichana mmoja kanigeukia. "Are you the jealous tailor?"
Nikanyoosha mgongo. "Ndiye mimi."
Wakanizunguka. Wanataka picha na mimi, na chupa. Mmoja kalia. Mama mmoja wa gazeti kaniomba mahojiano, nikamwambia sina nafasi, kisha nikampa saa nzima. Asmahan kasimama pembeni yangu anatafsiri, na mahali nilipoongeza chumvi anatafsiri bila chumvi, namsikia.
Na nyuma yao wote, mrefu, kofia ya ukili kichwani, hana mtu hata mmoja: Maulid.

Jumapili, 31 Agosti
134/80.
Maulid kapiga simu kabla ya chai.
"Mselem, hivi wewe una haya? Suruali nimechanwa mimi. Nusu kichwa nimenyolewa mimi. Nimetembea mbele za watu mimi, na miguu hii. Unapigwa picha wewe?"
"Ulisema umesamehe."
"Nilisamehe la zamani! Hili la jana jipya. Yule mama wa gazeti hakuniuliza hata jina."
"Usingizi umepata?"
"Sikupata. Masikio yananivuma."
"Punguza chumvi," nikamwambia.
Daftari limebakiwa na kurasa themanini na kitu. Nimezikata kwa mkasi wa nguo, mstari umenyooka, nikazishona mgongoni kwa uzi wa kahawia. Kesho nampelekea Shard End, mabasi mawili, aanze kuandika namba zake za presha. Pembeni nimemchorea mstari kwa rula, ukurasa kwa ukurasa. Nimemwachia inchi moja.